Krumhoni Ndani ya Lori la Viazi

Sosiot, Kericho
Jumapili, baada ya misa

Kwa Baba yangu mpendwa,

Nakuamkia kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii imekukuta umeketi nje ya nyumba na kikombe chako cha uji, Mama akiwa kando yako akikusomea, maana nasikia miwani yako bado haijaonekana. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Na wewe, dawa ya presha unaimeza, au bado unaificha chini ya godoro? Mimi ni mzima. Nimepungukiwa na jino moja tu, na habari za hilo jino ziko mbele, mnivumilie.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu mambo ni mengi, na simu hukatika kila ninapofika mahali patamu. Halafu wewe ukichoka kwenye simu unasema, "Haya, ongea na mama yako." Barua huwezi kuipitisha hivyo.

Kazi ipo, ingawa mwaka ulianza vibaya. Mvua ya mawe ilitupiga upande huu wa Belgut mchana mmoja, ikaisha kabla ya chai ya saa kumi, lakini ilipoisha mashamba yalikuwa kama yamefyekwa kwa panga. Majani chai mabichi yote yalikuwa chini. Wakulima walisimama kando ya barabara wakiangalia tu. Ikawa kiwandani hakuna majani ya kunyausha. Sisi wa vitanda vya kunyaushia tukaambiwa turudi nyumbani mpaka michai ichipue tena. Sikuwaambia wakati ule kwa sababu mngeanza kunitumia samaki na unga kama mtu mgonjwa. Sasa nimesharudi kazini, majani yamejaa, msiwe na wasiwasi.

Zile wiki za kukaa bure ndizo zilizoniletea ninayotaka kukueleza.

Unajua ninapanga chumba kwa Mzee arap Sigei, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Ni mkubwa kwako, na mdomoni hana meno ya mbele hata moja. Ya chini aling'olewa akiwa kijana, kwa mila, kama walivyong'olewa Babu na wenzake huko kwetu. Ya juu anasema yaliona upweke yakafuata wenzao. Binti yake Chelangat ndiye anayeongoza soprano kwenye kwaya yetu, na ndiye aliyenivuta kwaya nilipofika hapa sijui mtu. Sasa nyumba hiyo imekuwa kama nyumba yangu. Kila jioni naletewa mursik kwenye kibuyu, yale maziwa yao ya mgando yenye unga wa mkaa, na siku hizi nayapenda kweli, sijilazimishi tena.

Parokia yetu ilipata padri mpya mwaka jana. Ni kijana wa Bomet, Padri Kipng'eno, aliyesoma Ujerumani miaka mingi. Mara tu baada ya Krismasi alituita kwaya baada ya mazoezi, akaleta sanduku refu la mbao na kuliweka juu ya meza ya katekista. Alipolifungua, sote tulidhani ni mishikio ya miavuli. Vijiti vya mbao ya rangi ya asali, vingine virefu vingine vifupi, vyote vimepinda mwishoni kama bakora iliyogeuzwa juu chini.

Arap Sigei alikuwa amekuja kumchukua Chelangat. Akasogea, akatazama, akauliza, "Padri, hii ni rungu ya kuchunga mbuzi?"

"Ni ya kupuliza, Mzee," Padri akasema. "Inaitwa krumhoni. Kwa lugha yao ni pembe iliyopinda."

Akaipuliza. Baba, sijui nikuelezee vipi hiyo sauti. Weka pamoja nyuki, bata na mzee anayekoroma kanisani, kisha uifanye iimbe wimbo wa Bikira Maria, na iimbe sawasawa, bila kukosea noti. Kwaya nzima ilicheka. Arap Sigei peke yake hakucheka. Alishika kidevu akasema, "Hii kitu iko na sauti ya ndama ameachwa na mama yake. Lete nione."

Wewe ni mtu wa bendi, utataka kujua inavyofanya kazi, na hapa ndipo naomba usikilize vizuri.

Ndani ya krumhoni, juu kabisa, kuna vipande viwili vyembamba vya tete vilivyofungwa pamoja. Vikitetemeka ndiyo sauti. Padri anaviita ulimi. Lakini huo ulimi hauguswi na mdomo wa mtu. Umefunikwa na kifuniko cha mbao chenye tundu dogo juu. Wewe unapuliza pumzi ndani ya hilo tundu basi, na ulimi unajifanyia kazi wenyewe huko ndani gizani. Midomo haikazwi. Haitetemeshwi kama kwa tarumbeta. Hakuna cha kubana wala kulegeza.

Padri anasema hivi vilikuwa vyombo vya watu wakubwa huko Ulaya zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Vilipigwa kwenye karamu za wafalme na harusi za matajiri, na kila chombo kilikuwa na familia yake, mdogo, wa kati, mkubwa, kama sauti nne za kwaya. Kulikuwa na vingine pia. Kwenye simu yake alituonyesha picha ya kimoja kifupi kinene kama kopo la kakao, na bomba limekunjwa ndani mara nyingi, kinatoa besi ya kutisha. Na kwenye sanduku mlikuwa na kingine kinachoitwa shomu, ndugu ya zumari za Pwani. Hicho Chelangat alikijaribu nyuma ya kanisa, na ng'ombe wa jirani wakaruka ua. Kimerudishwa sandukuni mpaka leo.

Kisha vyote vikaachwa. Watu walianza kutaka vyombo vyenye noti nyingi, vinavyoweza kunong'ona na kupaza. Krumhoni ina noti tisa au kumi hivi, na haijui kunong'ona. Ukipuliza polepole sauti inashuka na kuharibika, ukipuliza kwa nguvu inapanda na kuharibika. Inataka pumzi moja, iliyonyooka, kuanzia mwanzo wa mstari mpaka mwisho. Basi zikawekwa kabatini, zikasahauliwa, mpaka juzi juzi hivi mafundi wa huko walipoanza kuzichonga tena. Padri alizipiga na wenzake chuoni. Siku ya kurudi nyumbani wale wenzake walimpa sanduku zima.

Kwa kuwa nilikuwa sina kazi, nilikuwa wa kwanza kujitolea. Nikapewa alto. Chelangat akachukua ile ndogo, mwalimu mmoja wa sekondari akachukua besi. Na Baba, anayepiga sauti ya tatu, tenori, ni arap Sigei. Hatukumwita. Alikuja mwenyewe na gumboti zake, akaketi, akasema, "Mimi napuliza moto kila asubuhi. Pumzi iko." Na ni kweli. Yeye ndiye aliyetushinda sote kwa kunyoosha pumzi. Kupoteza noti anapoteza, hesabu ya kungoja anaisahau, inabidi Chelangat amkanyage mguu ndipo ajue zamu yake imefika. Lakini sauti yake ni safi.

Tulifanya mazoezi kwenye chumba cha nyuma cha parokia mvua ikipiga mabati. Siku nyingine hatukusikiana kabisa, tulipiga kwa kutazamana vidole. Zilikuwa siku nzuri. Nilikuwa na hofu ya kazi, nilikuwa nakula kabeji mchana na jioni, na bado nilikuwa naamka nikiwa na furaha ya kwenda mahali.

Jumatatu ya Pasaka kulikuwa na sikukuu ya parokia, chakula uwanjani, wageni mpaka wa Kipkelion. Padri akatuweka tupige nyimbo tatu kabla ya wazee kuhutubia. Tuliketi wanne mbele ya watu wote. Tukaanza, na uwanja wote ukalipuka kwa kicheko. Si watoto peke yao. Akina mama wa pale mbele walikuwa wanajifuta machozi kwa leso. Mwalimu wa besi aliacha kupuliza, Chelangat naye akaacha, mimi nikafuata. Nilitaka kuinuka niende zangu jikoni nikaoshe sufuria.

Arap Sigei alishusha krumhoni yake taratibu, akaiweka juu ya magoti. Hakukasirika. Aliwatazama tu kama anavyotazama mvua ipite. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Chekeni. Sisi tunangoja."

Wakacheka zaidi. Yeye akangoja. Kicheko kikaanza kupungua, kikabaki huku na kule, kikaisha, mpaka ukasikika moto unavyolia jikoni. Hapo akageuka kwetu na kutupa ishara kwa kichwa, na kwa mara ya kwanza akaanza kwa wakati bila kukanyagwa mguu. Tulipiga wimbo wote. Wa pili wakaanza kuuimba na sisi, chini chini. Wa tatu walisimama. Tulipomaliza, wale akina mama waliokuwa wakilia kwa kicheko walikuja kutaka kuzishika, na mmoja akaniambia sauti ya krumhoni inamkumbusha marehemu mumewe akiimba akiwa amebeba gunia.

Nilirudi chumbani nikampigia Mama simu nimweleze. Na Mama akanieleza ya kwenu.

Baba, usimkasirikie. Mimi ndiye niliyeuliza. Alisema Pasaka ulikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na bendi ilipojipanga kwa wimbo wa kutokea, ukainuka na kofia yako ukatoka kabla yao. Alisema umekuwa ukifanya hivyo tangu ugonjwa ulipopindisha mdomo wako. Unachelewa ili usiwasikie wakiingia, na unawahi kutoka. Na lile tarumbeta kubwa la besi ulilirudisha kwa mwalimu wa bendi likiwa limesuguliwa linang'aa, ukamwambia atafute kijana mwenye midomo.

Nilimtakia Mama usiku mwema nikakata simu. Nililala nikiwaza. Huo mkono wako wa kulia unaopiga paja unaposikia besi, nilikuwa naujua kabla sijajua kusoma.

Sasa habari za jino. Wiki ile baada ya Pasaka gego langu la kushoto lilivimba, nikaenda hospitali ya Kericho mjini. Daktari akanipiga sindano ya ganzi, akaling'oa, akaniambia niende nikapumzike, nusu ya uso itakuwa imelala kwa muda. Nikiwa kwenye gari la kurudi Sosiot niligusa shavu langu na halikuwa langu. Nilijaribu kunywa maji, yakamwagika kwenye sweta. Kijana aliyeketi karibu yangu aliangalia dirishani kwa adabu. Hapo Baba nikajua kidogo tu, kidogo sana, yale unayopitia kila siku mezani.

Sikwenda chumbani. Nilishuka nikaenda moja kwa moja parokia, kwa kuwa ilikuwa siku ya mazoezi. Padri akaniona mdomo umelegea, akasimama.

"Auma, umepatwa na nini?"

Nilitaka kumwambia ni jino, na kwamba nataka kupiga vivyo hivyo. Nikasema, "Nataka kufiga."

"Kufiga nini?"

"Kufiga! Krunhoni!"

Chelangat alicheka mpaka akakaa chini. Lakini nilikuwa sitanii. Niliichukua, nikaiweka mdomoni katikati kama siku zote, nikapuliza. Pumzi yote ikatokea upande uliolala, fuuu, kama gurudumu lililotoboka. Nikajaribu tena, vivyo hivyo. Nikahisi machozi yananijia, na wao hawakujua ni kwa sababu gani.

Arap Sigei akasogea na stuli yake. "Usiweke katikati," akasema. "Mimi pia katikati sina kitu. Peleka kwa upande iko nzima."

Nikaisogeza mpaka kwenye kona ya kulia. Nikapuliza. Ikalia. Ikalia vizuri, Baba, noti moja ndefu iliyonyooka, haina mtetemeko, haina kuvuja. Nikapanda ngazi ya noti zote mpaka juu na kurudi. Mate yalitoka kidogo upande wa pili, sikufichi, na Chelangat alinishikia leso. Lakini sauti ilikuwa ileile ya siku zote. Ulimi ule uliofungiwa haukujua kama mdomo wangu ni mzima au umelala.

Nikaketi nikawaeleza habari zako, kwa maneno yaliyotoka nusu nusu. Nilisema wewe ni nani kwenye bendi, miaka yote hiyo, mazishi na harusi na Noeli. Walisikiliza mpaka mwisho. Arap Sigei akasema, "Sema papa yako akuje. Hapa hakuna mtu ako na mdomo mzuri." Akaona hiyo imetosha, akaenda kukamua ng'ombe.

Wiki hii mwalimu wetu wa besi amehamishiwa shule ya Siongiroi. Ni mbali mno kwa mazoezi, na alirudisha krumhoni yake akiwa na huzuni. Jana Padri aliniita akanikabidhi ili nikutumie, imefungwa kwenye blanketi ndani ya begi lake. Nilimwuliza kama haogopi. Alisema, "Chombo cha aina hii kilikaa kabatini miaka mia tatu. Hakiwezi kukaa tena hata mwezi mmoja." Kisha akauliza, "Baba yako alikuwa anapiga sauti gani?"

Nikamjibu, "Anapiga besi."

Basi, anayekuletea barua hii ni Kibet, mdogo wake Chelangat, anayepeleka viazi huko kwenu ziwani na kurudi na samaki. Begi analo ndani ya lori, mbele, karibu yake. Amekula kiapo kwa baba yake kwamba halitakaa nyuma na magunia. Mama ampe chakula, anapenda samaki wa kukaanga kuliko wa kuchemsha, na asikubali akisema ameshiba.

Sehemu hii Mama anaweza kuisoma polepole. Huko nyumbani hakuna mtu anayejua kilicho ndani ya begi isipokuwa nyinyi wawili. Kichukue uende nacho kwenye lile banda la nyuma. Ni nzito kidogo, iegemeze kwenye goti. Vidole vyako vitafikia matundu bila shida, vya mwalimu vilikuwa vifupi alihangaika. Iweke kwenye kona iliyo nzima. Usikaze chochote. Puliza kama mtu anayepoza chai, ila usikate pumzi. Ulimi ukikauka haulii, upe muda upate unyevu. Nimetia karatasi yenye picha ya vidole ambayo Padri alichora, na besi ya nyimbo zetu tatu, noti zilezile unazozisoma. Kuku watashangaa siku mbili tatu, watazoea.

Ukijaribu ukaona haikufai, sitakuuliza tena, na sitamtuma Mama akuulize.

Nisalimie Mama, na umwambie ile shali ya manjano nimeimaliza kufuma. Msalimie kaka yangu Odhiambo na mkewe, na yule mtoto wao mpya ambaye bado sijamwona. Shangazi Pilista, wa kule karibu na kisima, mwambie nimepata mchumba mara tatu kama alivyoniombea, na mara tatu nimekataa, aendelee kuomba. Mwalimu wa bendi pia nisalimie, ukikutana naye. Si lazima umwambie kitu. Chelangat anawasalimu, na Mzee arap Sigei anasema kongoi, yaani asante, sijui ya nini, alisema niandike tu.

Jambo moja nimelibakisha. Pentekoste tumealikwa kupiga Kipkelion, na hatuwezi kwenda bila besi. Padri anataka krumhoni yake irudi wiki moja kabla. Kibet amesema anaweza kuipitia akija na viazi tena. Nilimwambia asijisumbue, kwa kuwa itarudi na mwenyewe.

Njoo na koti zito. Nitakuwa stendi ya Kericho.

Ni mimi binti yako,
Auma